Mtungi Ulionyamazisha Kompyuta

Nyinyi mnaobonyeza kidude kwenye simu na programu ikafunguka kabla hamjameza mate, hebu nisogeleeni kidogo. Sitawagombeza. Mimi ndiye niliyegombezwa juzi na mjukuu wangu, mimi nyanya yake, nilipomuuliza programu yake mpya ameiweka wapi. "Susu, haijawekwa mahali. Iko tu." Iko tu! Mimi niliyelea watoto kwa kazi ya kujua vitu viko wapi ndani ya kompyuta, naambiwa iko tu. Nikanywa chai yangu, nikasema hawa watoto lazima niwaandikie.

Sikilizeni. Ile picha mnayobonyeza ni sehemu ndogo ya programu. Nyuma yake kuna faili nyingine zinazojua kuchora herufi, kutoa sauti, kuongea na printa. Hizo tuliziita maktaba, maana programu huziendea kuazima ujuzi ambao yenyewe haina. Na haiazimi mara moja ikamaliza. Kila unapoifungua, inaanza upya kuzitafuta. Ikikosa, inakufia mikononi. Ikipata isiyo yake, hapo ndipo utajua hujui, kwa sababu itafunguka vizuri kabisa halafu ianze vituko.

Wengi hawakulielewa hilo. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la mchanga, mtu wa Njiru, mchangamfu sana, aliyeona programu ya kupanga safari kwenye kompyuta ya shemeji yake akaipenda. Akainakili kwenye disketi na kutuletea kituoni tulikofundisha kompyuta, amevaa koti la Jumapili. "Mama, nimebeba programu nzima hapa mfukoni." Tulipoifungua, kompyuta ikasema maktaba fulani haipo. Akarudi kwa shemeji, akaleta maktaba hiyo. Tukafungua tena, ikadai nyingine. Mwishowe akaniambia, "Mama, hii programu ni kama bibi harusi, kila ukifika wanataja shangazi mwingine ambaye hajasalimiwa." Nimeyarudia maneno hayo miaka yote nikifundisha, na sijapata njia nzuri zaidi ya kulieleza jambo lile.

Kituo chetu kilikuwa Mowlem, nyuma ya kanisa. Chumba kirefu cha mabati, na mvua ikinyesha tulifundisha kwa ishara. Kompyuta zilikuwa chache, zote zimeshachoka kwenye ofisi za taun, mjini kati, kabla hazijatufikia, na diski zake zilikuwa ndogo mno. Picha moja ya harusi mliyonayo kwenye simu isingeingia. Kwa hiyo nafasi ilikuwa kitu cha kupiganiwa, na aliyeipigania kuliko wote ni Madam Nafula, msimamizi wetu.

Madam Nafula alikuwa mwanamke wa Kakamega, mnene, msafi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kabla ya kituo alikuwa karani wa bohari, na bohari haikuwahi kumtoka. Hakupenda kuona kitu kimoja mahali pawili. Sheria yake ilikuwa fupi: "Bomba moja, ploti nzima." Tuliishi hivyo wenyewe. Ploti ina vyumba vingi na bomba moja uani, na watu wanaoga na kupika vizuri tu. Basi maktaba za programu zote zikae kwenye folda moja ya pamoja, ile ya Windows yenyewe, na nakala yoyote iliyo kwingine ifutwe. Kila Ijumaa mchana alipitia mashine moja baada ya nyingine na kufuta, akiimba. Hatukuona kosa. Kwa kweli sote tulimsifu, maana kila Jumatatu tulikuta nafasi imeongezeka.

Mwalimu wangu katika mambo haya alikuwa Bwana Makokha. Yeye aliajiriwa kwenye ofisi kubwa ya taun akitunza kompyuta, na Jumamosi alikuja kututengenezea zetu bure kwa ajili ya kanisa. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa mizaha, na mwenye tabia moja iliyonikera: ukimwita kwa tatizo, hagusi kibodi kwanza. Anavuta kiti, anakaa, anakuuliza umeona nini. Nilikuwa na haraka siku zile. Nilitaka aguse. Leo nikiona kijana anabonyeza-bonyeza kabla hajaambiwa shida ni nini, namkumbuka Makokha na kiti chake.

Sasa niwajulishe mtu mwenyewe wa hadithi hii.

Mzee Musyoka alikuwa mpokeaji simu kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo kule Kitui, na hakukumbuka kuona. Lakini kwenye swichibodi hakuna aliyemshinda. Alizijua nyaya zake kwa vidole, na wateja aliwajua kwa pumzi kabla hawajasema majina. Alikuwa na ile sauti nzito, tulivu, inayokufanya uvae vizuri hata kama unaongea kwa simu. Kisha kiwanda kikaleta swichibodi mpya. Sasa majina na nambari za ofisi zote zilikuwa kwenye skrini, na ujumbe uliandikwa kwa kibodi. Wakamwambia kwa heshima kwamba kazi hiyo inataka macho, na kwamba wamemwandalia barua ya kustaafu.

Akaomba muda. Alikuwa amesikia kuna programu inayosoma skrini kwa sauti. Chama kimoja cha wasioona kikampatia disketi zake pamoja na kisanduku kidogo cha kuchomekwa nyuma ya kompyuta, ambamo sauti ilitokea. Kompyuta ya kujifunzia hakuwa nayo, ndipo akaja kwetu, akiishika fimbo yake na akiwa amenyoa ndevu vizuri.

"Habari zenu hapo ndani," akasema mlangoni. "Naambiwa hapa kuna msichana wa Ukambani anayejua mashine."

"Ndiye mimi, Mzee. Mwikali."

"Basi, mwanangu Mwikali, makubaliano ni haya. Afisa wa wafanyakazi atakuja kuniona nikifanya kazi. Nikiweza, nabaki. Nisipoweza, narudi Kitui, niwekewe kiti kivulini, niletewe chakula." Akaipapasa fimbo yake. "Na mimi sijawahi kuletewa chakula. Sitajua hata kusema ahsante yake."

Nilicheka naye, lakini yale maneno yaliniingia. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, na mikono ilipoanza kumtetemeka nilimwona akiwekewa kiti namna hiyo. Alikaa kwenye kiti hicho miaka mingi bila neno.

Tukaiweka programu kwenye kompyuta ya pembeni, na ile siku ya kwanza ilipoongea darasa zima lilisimama. Ilikuwa sauti ya Kizungu, ya puani, kama mtu mwenye mafua anayesoma tangazo. Mzee Musyoka aliandika jina lake, na mashine ikamsomea: "Musi-oka." Wanafunzi wakaangua kicheko. Nikataka kuwakemea, yeye akaniwahi.

"Waache wacheke. Hata ikiniita vibaya, mradi inaniita."

Alijifunza haraka. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kazi, na yeye na sauti ile ya mafua wakaelewana. Baada ya muda alikuwa anaandika ujumbe kwa kasi kuliko wanafunzi wenye macho, na Madam Nafula alimtolea mfano kila walipozembea.

Kisha ikanyamaza.

Jumatatu moja alikuja, akafungua programu yake kama kawaida, na kisanduku hakikutoa hata mkwaruzo. Skrini ilionyesha kila kitu kiko sawa. Hapakuwa na ujumbe wa kosa. Nilizima, nikawasha, nikachomoa nyaya na kuzipuliza. Mzee Musyoka alikaa pale mikono juu ya kibodi, uso ameuelekeza kwenye kisanduku, akingoja. Siku ya afisa ilikuwa inakaribia.

Jumamosi Bwana Makokha akaja, akavuta kiti. "Umeona nini?"

"Nimeona kimya, Mwalimu."

"Hiyo umesikia. Nauliza umeona nini. Mashine hii imepata nini kipya?"

Nikafikiri. Kulikuwa na kitu kipya, ndiyo. Tulikuwa tumeletewa kifurushi cha kufundisha kupiga chapa, kinachotamka kila herufi mwanafunzi anapoibonyeza. Wanafunzi walikipenda mno. Nacho kilikuja na maktaba yake ya sauti.

"Inaitwaje?" akauliza Makokha. Tukaangalia. Ilikuwa na jina lile lile hasa la maktaba ya sauti ya Mzee Musyoka, ila ilikuwa ya zamani zaidi. Na kwa kuwa nakala iliyokuwa ndani ya folda ya Mzee ilishafutwa Ijumaa na Madam Nafula kwa sheria ya bomba moja, ile ya folda ya pamoja ndiyo pekee iliyobaki. Kifurushi kipya kikaja, kikaweka ya kwake juu ya ile, bila hata kubisha hodi.

Ndipo Makokha aliponieleza kwa mfano ambao nanyi nawapa. "Mgeni ametoka Bungoma na kuku mkononi. Anamtafuta Wanjala. Anaulizia mlango wa kwanza, anaulizia ploti ya pili, anaulizia dukani. Wa kwanza kuitika kwamba yeye ndiye Wanjala anapewa kuku. Mgeni haombi kitambulisho."

"Na Wanjala mwenyewe?"

"Analala njaa nyumba ya tatu."

Ndivyo programu zilivyotafuta, vijana. Ziliangalia kwanza folda ambamo zimesimama kufanyia kazi, kisha folda za Windows, kisha nyumbani kwao zenyewe, na mwisho njia tulizoziandikia sisi. Popote zilipokuta jina, hapo ziliishia. Hazikuuliza umri wala ukoo.

Kilichobaki ni kumwambia Madam Nafula, na hapo palihitaji ujasiri. Alikuja na kitambaa chake cha kufutia vumbi begani.

"Mwalimu, unataka kuniwekea kitu kimoja mara mbili? Hiyo nafasi utaitoa wapi, mbinguni?"

"Madam, bomba ni la ploti nzima. Hapo sina ubishi," akasema Makokha. "Lakini mswaki je?"

Madam Nafula akamtazama. "Mswaki ni wa mtu."

"Hii maktaba ya sauti ni mswaki."

Alijaribu kununa, ikamshinda, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akafanya jambo ambalo lilinifanya nimpende maisha. Kwenye ile kompyuta kulikuwa na mchezo wa karata aliokuwa akiucheza saa ya chakula, mlango ameurudisha. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kusema. Aliketi, akaufuta mwenyewe, akasema, "Nafasi ndiyo hiyo. Mpeni Mzee mswaki wake."

Tukatoa disketi za awali. Maktaba mpya tukaiweka ndani ya folda ya Mzee Musyoka, ya zamani tukaihamishia ndani ya folda ya somo la chapa, na folda ya pamoja tukaiacha bila yoyote kati ya hizo mbili. Kila ikoni tukaiagiza ianzie kazi kwenye folda yake. Tukafungua. "Redi," ikasema ile sauti ya mafua, na Mzee Musyoka akapiga meza kwa kiganja.

Mngedhani imeisha. Mimi pia nilidhani hivyo, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumatano ikanyamaza tena. Alhamisi ikaongea. Ijumaa asubuhi ikaongea, mchana ikawa bubu. Hakuna kilichobadilika kwenye diski. Niliangalia kila folda na maktaba zote zilikuwa mahali pake. Ugonjwa wa kila siku una dawa, lakini huu wa kuja na kuondoka ulinivunja moyo. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Madam, hii mashine imerogwa. Ombea." Nami, sitawaficha, niliomba.

Aliyetufungua macho ni Mzee Musyoka. Siku hiyo alifungua programu, ikawa bubu, naye akainamisha kichwa upande. Kisha akaniita.

"Mwikali, leo haikuguna."

"Nini, Mzee?"

"Hii mashine, siku inapoongea, nikiifungua inaguna kwanza. Huko ndani, krrr, krrr, muda mrefu. Siku ya ububu inaguna kidogo tu na kutulia. Kama mtu uliyemtuma dukani akarudi kabla hajafika."

Nilimwomba afungue tena. Kweli. Kulikuwa na mguno mfupi tu wa diski, kisha kimya. Mimi nilikuwa nimeukodolea macho ule uso wa skrini kutwa nzima na sikuwahi kuisikiliza mashine.

Jumamosi nikamrudia Makokha na hayo maneno. Safari hii hakuvuta kiti. Alisimama, akajipiga paji la uso.

"Haikwenda kwenye diski! Imepata njiani!" Akainama kwenye skrini na kunionyesha chini kabisa, kwenye ukingo. Kulikuwa na kijipicha kidogo kimejikunyata pale. Lilikuwa ni somo la chapa, halikufungwa, limeshushwa tu chini.

"Nani ameacha hii?"

Msichana mmoja wa Dandora, Mercy, akainua mkono. Alikuwa mwanafunzi mwerevu, mwenye kusema ovyo. "Ni yangu, Mwalimu. Nimewekelea tu. Nikifunga inanirudisha mwanzo, na niko mbali. Pia msee mwingine akikuja anaona hapo ni pangu."

"Wengine mnafanya hivyo?"

Wote walikuwa wanafanya hivyo. Kwa nini wasifanye? Makokha akanishika mkono, akanipeleka dirishani. Uani, kwenye bomba la kanisa, kulikuwa na foleni ndefu ya mitungi ya njano, na hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Wenye mitungi wako wapi?"

"Wameenda kupika, wengine sokoni," nikasema.

"Ukienda sasa hivi na mtungi wako, utateka?"

"Thubutu! Nitasimama nyuma."

"Kwa nini, na hakuna watu?"

Nikaelewa kabla hajamaliza. Windows ya zamani zile, kabla ya kwenda kutafuta maktaba kwenye diski, iliangalia kwanza kama kuna yenye jina hilo tayari iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ikiwepo, inakukabidhi hiyo hiyo, hata kama mswaki wako uko kwenye folda yako umefungwa vizuri kwenye karatasi. Mercy na wenzake waliposhusha somo badala ya kulifunga, ile maktaba ya zamani ilibaki imeketi kwenye kumbukumbu. Programu ya Mzee Musyoka ikija, inaambiwa Wanjala yuko hapa, haina haja ya kufika nyumba ya tatu. Ndiyo maana diski haikuguna sana. Na siku ambazo hakuna aliyeacha mtungi, iliongea.

Nilitaka kumkasirikia Mercy, nikashindwa. Tangu utotoni ameamshwa akaweke mtungi. Angejuaje kwamba kwenye kompyuta mtungi mtupu unaweza kumzuia mtu mzima kazini? Alipoelezwa, machozi yalimlengalenga. Akaenda mwenyewe kwa Mzee Musyoka, akamwita babu kwa lugha ya kwao.

"Pole, guka. Sikujua ni mimi nilikuwa nakufungia."

"Hukunifungia, mama. Ulikuwa unalinda pako. Hata mimi nalinda pangu."

Tukakubaliana kwamba kila anayemaliza afunge somo kabisa, na alipofikia aandike kwa chaki ukutani karibu na kiti chake. Ukuta ule ulichafuka hadi Madam Nafula akawa anapita akiangalia dari. Lakini Makokha hakuridhika. Alitaka pia programu ya Mzee iwekwe kati ya zile zinazojifungua zenyewe kompyuta inapowashwa, ili iwe ya kwanza kuingia kabla ya mtu yeyote. Anayetaka somo la chapa atafunga ya Mzee kwanza.

"Kwani hatuna mikono ya kumfungulia?" Madam Nafula akauliza.

"Mikono tunayo, Madam. Ni kichwa kinachosahau."

Tukafanya hivyo, na siku ikafika.

Afisa wa wafanyakazi alikuja asubuhi ya Jumanne. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye uchovu, aliyetumwa kazi asiyoipenda. Mzee Musyoka alivaa tai. Afisa alimsomea majina, yeye akayaandika. Akamtaka atafute kwenye orodha nambari ya mtu wa bohari, akaipata. Akampa ujumbe mrefu wenye majina matatu ya Kihindi, akauandika na mashine ikamrudishia. Niliona afisa anaanza kusogeza kiti karibu. Nikaanza kupumua.

Stima ikapotea.

Mnajua ile sauti ya chumba cha kompyuta umeme ukikatika, kila kitu kinashuka pumzi pamoja. Tukangoja. Tukaendelea kungoja. Afisa akaangalia saa yake, kisha akanivuta kando, ingawa kwa masikio ya Mzee Musyoka hapakuwa na kando.

"Madam, nimeona anaweza. Kweli anaweza. Lakini niambie ukweli. Hii ikitokea kazini, nani atamwashia na kumtafutia hiyo programu yake? Itabidi niweke mtu mwingine wa kukaa naye. Siwezi kuweka wawili kwa kazi ya mmoja. Wakubwa hawatakubali."

Ningemwambia nini, habari za Wanjala na kuku? Nikasema tu, "Ngoja stima irudi, tafadhali."

"Nina mkutano."

"Ngoja kidogo, bwana," Mzee Musyoka akasema kutoka kwenye kiti chake. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa juu ya kibodi, imetulia. Afisa alisimama mlangoni, mkoba mkononi. Madam Nafula alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Mercy alikuwa ameshika ukuta wa chaki.

Stima ikarudi. Mashine zikalia moja baada ya nyingine. Nikaanza kukimbilia ile ya pembeni kwa mazoea tu, na Mercy akanidaka mkono. "Madam, wacha. Usiguse."

Hakuna aliyegusa. Tukasikia diski ikiguna. Krrr, krrr, muda mrefu, mrefu mno, na sijawahi kusikia mguno mtamu kama ule. Kisha kutoka kwenye kile kisanduku, kwa mafua yake yote, ikasema: "Redi."

Vidole vya Mzee Musyoka vikaanza kutembea. Ikasoma alichoandika, polepole, kwa Kizungu chake cha puani: afisa asamehe kwa kukatizwa, na je, angependa kuunganishwa na nani?

Afisa akaweka mkoba chini. Alipoondoka alitupa mkono sote, na wa Mzee Musyoka aliushika kwa mikono miwili, lakini uamuzi wake hakutuachia.

Zikapita wiki. Mzee Musyoka hakuja tena kituoni, na kisanduku chake alikuwa amekichukua. Nyumbani kwake hatukukujua. Simu za mfukoni hazikuwapo. Madam Nafula alisema kimya cha mtu kina maana mbili, twende tukiamini nzuri. Mimi sikuweza kuamini wala kutoamini. Kila nikimwona mtu amewekewa kiti nje ya nyumba, nilitazama kwingine.

Asubuhi moja nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwenye kibanda cha simu karibu na kanisa, nikatumbukiza sarafu na kupiga nambari ya kiwanda. Nilikuwa nimepanga la kusema: nitajifanya mteja, nitaomba idara ya wafanyakazi, nitamuuliza yule afisa. Simu ikalia. Ikapokelewa, na kwa mbali nikasikia mtu mwenye mafua akisoma kitu kwa Kizungu. Halafu ikaja sauti nzito, tulivu, ile inayokufanya urekebishe kitambaa cha kichwa.

"Habari ya asubuhi. Nikuunganishe na nani?"

Yote niliyopanga yakayeyuka. Machozi yakanishuka pale kibandani, na mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaanza kukohoa kwa makusudi.

"Na wewe, Mzee," nikasema. "Niunganishe na wewe."

Nikamsikia anacheka.

"Basi, mwanangu Mwikali, umeshafika."